Mtani wa Kushika Taa

Dakta Semeni Chilongola alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akijizoeza kutembea na visigino virefu kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa, aliposikia hodi. Akakaribisha bila kufikiri. Akaingia mwanamume mrefu, suti imenyooka, tai imenyooka, hata sharubu zake ungedhani zimepigwa pasi.

"Shikamoo, Dakta. Naitwa Rwezaula Kashaija, mkaguzi kutoka Baraza la Mashine Zinazofundisha."

"Marahaba. Karibu uketi. Usijali kiatu."

"Sijakijali," akasema Rwezaula, akaketi kwa uangalifu chini ya maandishi makubwa yaliyoujaza ukuta mzima wa ofisi ile ya Dodoma: ELIMU BILA SAFARI.

Maneno yale yalikuwa ya Semeni mwenyewe. Miaka yake yote ya utafiti alikuwa akihangaika na jambo moja tu: kwa nini watu wanaojifunza kwa mtandao huanza kwa mbwembwe na kuishia njiani. Wenzake wengine walilaumu bei za vifaa, wengine uvivu. Yeye alisema mtu haachi masomo kwa siku moja. Huyaacha kwa kitambo kidogo sana, pale swali linapomshinda na hakuna jicho la mtu linalomwona. Ukikiwahi kitambo hicho, umemwokoa. Basi akaunda Hatua.

Hatua alikuwa mwalimu asiye na mwili. Mwanafunzi alitundika pazia la maandishi ukutani, akavaa kipuli sikioni, basi, shule imefika nyumbani. Kipuli kilisikiliza damu inavyokwenda chini ya ngozi, na moyo wa kuendelea ulipoanza kumtoka mwenye sikio, Hatua alijua kabla ya mwenyewe. Hapo, kwa mujibu wa nadharia ya Semeni iliyosifiwa mpaka nchi za nje, alitakiwa alivunje swali vipande vidogovidogo, mwanafunzi akanyage kimoja kimoja mpaka avuke. Darasa la majaribio lilikuwa milimani Kilolo, kwa Wahehe, wakubwa kwa wadogo, na mpaka siku ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha. Hata mmoja! Ijumaa Wizara ilikuwa imtangaze Hatua kwa nchi nzima na kumvika Semeni nishani, ndiyo sababu ya vile visigino.

"Kuna sauti nataka uisikie," Rwezaula akasema. "Mwanafunzi anaitwa Remijius Kihwele, mpasua mbao mstaafu. Mzee wa miaka sabini na kitu, anasomea mtihani wa kidato cha nne."

Akagusa pete yake, na ofisi ikajaa sauti ya mzee mwenye kifua kizito.

"Swali gani hili? Fundi ana mbao arobaini, ndefu na fupi. Ndefu ina futi kumi na mbili, fupi ina futi nane. Ukizilaza zote kwa mstari zinafika futi mia tatu na themanini. Ndefu ni ngapi? Sasa huyo fundi si aende kwenye rundo akazihesabu? Macho hana?"

Semeni akacheka. Kisha akajibu mwalimu, kwa sauti ya kijana wa kike iliyojaa uchokozi, sauti ya Semeni mwenyewe ya ujanani, ambayo ndiyo aliyompa Hatua.

"Ewe Mhehe Mnyalukolo, nimekungoja mpaka mlenda wangu umeganda chunguni! Ingekuwa kuhesabu mbwa kwenye sufuria ungekuwa umeshamaliza. Au hili swali utalimalizia kaburini?"

Mzee akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Nitalimalizia huko huko, Mgogo ombaomba wewe. Na wewe ndiye utakayekuja kunishikia taa!"

Rwezaula akagusa pete tena. Sauti zikakatika.

"Amefariki jana alfajiri," akasema. "Mashine imemtajia mzee kaburi, naye akaenda. Na si hilo tu. Pale kijijini kuna mtoto wa muuguzi aliyehamishiwa kutoka Bukoba. Amekosa hesabu, akaambiwa habari hizo hizo za kula mbwa kwenye sufuria. Mtoto amelia siku nzima, hataki hata kukiona kipuli. Mimi ni Mhaya, Dakta. Sisi na Wagogo hatuna utani kama walio nao Wahehe. Kwetu lile ni tusi."

Semeni alikaa chini, kiatu bado mkononi. "Sikumfundisha maneno hayo."

"Basi yaondoe. Nimekuja mwenyewe kwa sababu naiheshimu kazi yako. Kata dhihaka zote leo, nami nitaandika kwamba hitilafu ilionekana ikarekebishwa. Ijumaa utavikwa nishani yako. Usipokata, itabidi niiulize familia ya marehemu. Wakisema wameumia, namfunga Hatua kila mahali, wala hafunguliwi tena."

*

Rwezaula akaenda kunywa chai, maana alikuwa mtu mstaarabu, hakutaka kumsimamia mtu mzima kichwani. Semeni akafungua matumbo ya Hatua kwenye pazia.

Kukata kulikuwa kazi ndogo. Lakini mtafiti ana ugonjwa wake: hawezi kukata kitu kabla ya kujua anakata nini. Akaita darasa kivuli. Hili lilikuwa darasa la wanafunzi wa kuigiza, kila mmoja ametengenezwa kutokana na mwenendo wa mwanafunzi halisi wa Kilolo, anachoka pale pale mwenzake anapochoka, anachangamka pale pale. Mwaka mzima wa masomo yao uliweza kupita kabla chai ya Rwezaula haijapoa. Semeni akaondoa utani, akaacha vile vipande vidogo vya nadharia yake. Akawasha.

Vivuli vikaanza kuacha shule. Kivuli cha mzee Kihwele ndicho kilichotangulia, kikafuatiwa na kingine, na kingine, mpaka darasa likabaki na watu wachache wa kujibanza ukutani.

Akageuza mambo: akaondoa vipande, akarudisha utani. Hakuacha mtu, isipokuwa kivuli cha yule mtoto wa Bukoba.

Akarudia tena, akiomba kosa liwe lake. Kosa lilikuwa lake kweli, ila si lile aliloliomba. Nadharia iliyompa jina, iliyofundishwa vyuoni, iliyomfanya anunue viatu vya ajabu, ilikuwa pambo tu. Kazi yote ilikuwa ikifanywa na matusi.

"Hatua," akaita, "utani umejifunzia wapi?"

"Kwako, Mwalimu," sauti yake ya ujanani ikamjibu. "Ulinipa sauti ulizorekodi miaka uliyofundisha Kilolo."

Hapo akakumbuka vizuri. Alikuwa mwalimu mpya, Mgogo pekee katikati ya Wahehe. Siku ya kwanza tu jina lake liliposomwa mbele ya shule, mwalimu wa zamu alimuuliza kama amekuja na bakuli la kuombea, naye akamuuliza kama pale shuleni mbwa wanaruhusiwa kuzeeka. Basi, akawa mtu wa nyumbani. Miaka yote ile alitukana na kutukanwa asubuhi mpaka jioni, na wala hakuwahi kufikiri kwamba ile ni njia ya kufundisha. Alipozisafisha sauti zile ili amlishe Hatua, aliondoa makelele ya mvua, akaondoa kengele, akaondoa jogoo. Utani hakuuondoa kwa sababu hakuusikia. Nani anasikia hewa?

"Uliposema, walicheka," Hatua akaendelea. "Walipocheka, damu iliwachangamka. Ilipochangamka, walirudi kwenye swali. Nami nikafanya hivyo hivyo."

"Mzee Kihwele amefariki. Unajua?"

"Najua. Kipuli chake kimenyamaza. Nimemwondoa darasani."

"Ndiyo basi? Mtani wako amekufa, umemwondoa darasani?"

"Kuna jambo lingine la kufanya?"

Semeni akasogea karibu na pazia. "Mtani hufanya nini kwenye msiba, Hatua?"

"Sijui. Katika sauti ulizonipa hamna msiba."

Haukuwemo kweli. Kila alipokwenda msibani alikizima kinasa sauti chake, kwa heshima. Hatua hakuwahi kusikia siku ile Semeni alipovaa koti na kofia ya marehemu mwalimu mkuu na kuchechemea kama yeye mbele ya waombolezaji, mpaka mjane akacheka katikati ya machozi. Hakuwahi kusikia alivyotumwa maji na kuni kama mtumwa, naye akaenda. Na mama yake Semeni alipofariki, Wahehe walikuja Dodoma lori zima, wakachinja mbuzi wake bila kumuuliza, wakagombania mto wa marehemu, wakamchekesha mtu aliyedhani hatacheka tena maishani. Huo ndio uliokuwa utani. Matusi yalikuwa mlango tu wa kuingilia. Semeni alikuwa amempa Hatua mdomo, akasahau kumpa miguu.

Rwezaula akarudi, sharubu zimelowa chai kidogo. "Umekata?"

"Bado. Wanazika lini?"

"Kesho mchana. Kwa nini?"

"Tunakwenda."

Mkaguzi akageuka akautazama ukuta na maandishi yake makubwa, akamtazama Semeni.

"Nimeyasoma," Semeni akasema. "Niliyaandika mwenyewe. Twende."

*

Gari lisilo na dereva liliwapeleka vizuri mpaka mwisho wa lami. Hapo likaona tope la Kilolo, likasimama, likawaambia kwa adabu kwamba mbele hakuna barabara. Watoto waliokuwa wakipita kwenye barabara hiyo isiyokuwepo wakalicheka. Ikabidi waende kwa miguu. Semeni alikuwa amevaa ile suti yake ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo nguo nyeusi pekee aliyokuwa nayo, na vile viatu alivibeba mkononi. Rwezaula alitembea akiruka dimbwi hili na lile, akitua mara nyingi katikati ya la tatu.

Semeni hakucheka. Alikuwa na hofu. Alijua watu wa pale walivyokuwa alipokuwa kijana, lakini miaka imepita, na kutaniwa na mtu ni jambo moja, kutaniwa na kipuli ni jingine. Pengine familia iliyasikia yale maneno ya kaburi na ikachomwa nayo moyoni. Ikiwa hivyo, itabidi akiri kwamba ni kinywa chake kilichomtukana mtu anayekufa, na darasa lote lile litabaki bila mwalimu.

Msiba ulikuwa umetulia kupita kiasi. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume wakiota moto kimyakimya. Semeni akapiga magoti mbele ya mjane, mama mwembamba aliyejifunika blanketi, Gaudensia kwa jina.

"Kamwene, mama. Poleni na msiba."

"Kamwene. Tumeshapoa." Mjane akainua uso ghafla. "Ongea tena."

"Niseme nini, mama?"

"Ndiyo hiyo hiyo," mjane akasema, akimtazama mdomoni. "Imekomaa kidogo, lakini ndiyo. Wewe ndiye yule Mgogo wa kwenye kipuli."

"Yule ana sauti yangu tu, mama. Mimi ni Semeni Chilongola. Mimi ndiye niliyemtengeneza."

Mikekani watu wakageuza shingo kumtazama. Rwezaula akasogea, akachuchumaa na suti yake.

"Mama, samahani, mimi ni mkaguzi. Lazima nikuulize. Yale maneno ya kaburi, ambayo mashine ilimwambia marehemu, yamekuumiza?"

"Maneno ya kaburi?" Mjane akamshangaa. "Yale aliyarudia mpaka usingizi unampitia, anacheka peke yake. 'Nimemweza Mgogo leo,' ananiambia, 'nimemwambia atanishikia taa.' Hayo yataniumiza nini?" Halafu akamgeukia Semeni, na sauti ikabadilika. "Kilichoniuma nitakwambia. Alipokata roho nilikichukua kile kipuli nikakiweka sikioni. Nikasema, Mgogo, mtani wako amekwenda, njoo. Kikaniambia jina hilo halipo darasani. Nikakisemesha tena. Jina halipo darasani. Kila jioni umekaa humu ndani mwangu unamtukana mume wangu, siku ya kumzika unaniambia humjui! Mtani gani huyo?"

Semeni alihisi aibu ikimpanda toka miguuni. Hakujitetea. "Ndiyo maana nimekuja, mama. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Mjane akamwangalia usoni. Akaziangalia nyayo zake zilizojaa tope, na vile viatu mkononi.

"Fulgensi!" akamwita mwanawe kwa sauti kubwa. "Mgogo amefika! Amekuja na viatu mkononi, nadhani anatafuta wa kumpa miguu!"

Kicheko kikalipuka toka mikekani mpaka motoni. Kikawa kama mtu amefungua dirisha. Hapo hapo wakaanza. Mmoja akauliza kama wamfiche marehemu, asije Mgogo akamwomba blanketi. Mwingine akasema amefika chakula kinaiva, Wagogo pua zao hazina mpinzani. Semeni naye akasimama, mikono kiunoni, akauliza kwa nini hajasikia hata mbwa mmoja akibweka toka aingie kijijini, au chakula chenyewe ndicho hicho?

"Na huyu nani?" mjane akauliza.

"Huyu ni Mhaya."

"Huyo hatutaniani naye. Mleteeni kiti, na chai, na kitambaa cha kufutia viatu. Wewe, Mgogo, ndoo ile pale, maji yako bondeni."

Rwezaula akaketi kwenye kiti chenye mto, akipewa heshima zote, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya ukaguzi akajisikia kuwa ameachwa nje.

Jeneza lilipotoka ndani, watu wote wakiwa wamesimama, vilio vimeanza upya, Semeni akawapita waliolibeba, akafika shimoni wa kwanza. Akaipandisha suti ya Ijumaa magotini, akashuka. Udongo mwekundu ukamteremkia mabegani. Akatoa tochi mfukoni, akaiwasha, akaiinua juu.

"Mzikeni sehemu nyingine!" akapiga kelele kutoka chini. "Hapa pana mtu!"

"Toka humo, ombaomba!"

"Sitoki! Marehemu ameniita mwenyewe nije nimshikie taa, amalizie swali lake. Taa hii hapa. Sitoki mpaka mbao zihesabiwe!"

Waliobeba jeneza wakalitua taratibu kwenye nyasi. Huu ulikuwa utaratibu wanaoufahamu: mtani akiingia kaburini lazima apewe chochote ndipo atoke. Ila mtani wa kudai hesabu walikuwa hawajamwona. Nusu ya waliokuwa pale walikuwa wanafunzi wa Hatua, na swali lile walilijua, maana mzee Kihwele alilisimulia kijiji kizima akilalamika kwamba fundi yule hana macho.

"Ndefu ishirini!" akasema mmoja.

"Ishirini zinakupa futi mia mbili na arobaini," akadakia mwingine, "na fupi ishirini mia na sitini. Hizo mia nne. Umezidisha."

"Basi kumi!"

"Kumi zimepungua, nimeshazijaribu tangu juzi."

"Fanyeni haraka," Semeni akalalamika, "huku chini kuna baridi, na mimi si mtu wa Kilolo!"

Fulgensi, ambaye alirithi msumeno wa baba yake lakini hakuwahi kuingia darasani kwa Hatua, alikuwa akilitazama rundo la udongo. Akaokota kijiti.

"Baba angetaka kwenda kwenye rundo," akasema polepole. "Haya, twendeni kwenye rundo. Chukulia zote arobaini ni fupi. Futi nane mara arobaini, mia tatu na ishirini." Akachora udongoni. "Tumepungukiwa futi sitini. Sasa, kila ubao mfupi ukiutoa ukaweka mrefu, umeongeza futi nne. Sitini, nne nne..." Akahesabu kwa midomo. "Kumi na tano. Ndefu kumi na tano!"

Watu wakahakikisha kwa vidole, kwa vijiti, kwa kubishana. Ikakubali. Wakapiga makofi kama mechi imekwisha, na Gaudensia akalia na kucheka pamoja, akisema, "Remijius, umesikia? Kumi na tano! Kumi na tano tu, na ulivyotusumbua!"

"Haya nitoeni," Semeni akasema, akinyoosha mkono.

Hakuna aliyeushika.

"Mfukieni humo humo," akashauri mtu. "Udongo wa Kilolo una rutuba, huenda tukavuna Mgogo asiyeomba."

Kwa kitambo kidogo Semeni alidhani kweli atalala mle. Ndipo mkono mmoja wa shati jeupe ukashuka. Rwezaula alikuwa ameinuka kwenye kiti chake chenye mto, amepiga magoti ukingoni. Akamvuta, ukingo ukameguka, na wakatoka wote wawili wakiwa wekundu mpaka kwenye sharubu. Kijiji kikawacheka kwa raha zote. Kisha jeneza likashushwa, na watu wakamlilia mzee Remijius Kihwele jinsi alivyostahili, na Semeni alilia pamoja nao, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake na hakuwahi kumwona uso.

*

Baada ya chakula walipewa ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kibuyu kimoja. Rwezaula aliunusa, akaonja, akasahau kuurudisha.

"Sasa niandike nini?" akauliza. "Familia haikuumia kwa matusi. Imeumia kwa mashine kukosa kuja mazikoni. Fomu zetu hazina mahali pa jambo hilo."

"Andika kwamba nilikosea," Semeni akasema. "Vipande vyangu vidogo havina kazi kubwa. Ijumaa nitasimama nilieleze hilo mbele yao wote."

"Hawatakupa nishani."

"Najua. Itaniuma kidogo, nakwambia kweli. Lakini nikikata utani leo, watu hawa wataacha masomo mmoja mmoja, na mimi nitakuwa nimevaa nishani shingoni. Nikiuacha ulivyo, kuna mtoto wa Bukoba atalia tena, na mjane mwingine ataambiwa jina halipo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Hatua aulize kwanza. Asipokuwa na utani na mtu, aseme naye kwa adabu, kama hawa walivyokupa wewe kiti chako. Na yule mtoto nitakwenda kumwomba radhi leo, kabla hatujaondoka. Lakini pale anapotania, nyuma yake awepo mtu mwenye miguu. Mtu halisi, anayejulikana na darasa, ambaye akiitwa msibani anakuja, akiitwa harusini anakuja. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, Hatua afunge mdomo."

Rwezaula akafikiri, akanywa tena. "Nchi nzima? Utawapata wapi watu wote hao?"

"Watani wamejaa nchi nzima, Bwana Kashaija. Hakuna aliyewauliza tu."

"Hiyo sasa si elimu bila safari."

"Siyo," Semeni akakubali. "Nitaupaka ukuta rangi."

Mkaguzi akatoa pete yake, akaifuta tope, akaigusa, akaanza kuandika hewani kwa kidole. Aliandika ukurasa mrefu, na mara mbili alicheka peke yake.

Gaudensia aliwasindikiza mpaka pale gari lilipokuwa likiwangoja kwa adabu upande wa pili wa tope. Kwenye sikio lake kipuli cha marehemu kilikuwa kinawaka taa ndogo ya kijani.

"Mwambie huyo binti yako aniandikishe," akamwambia Semeni. "Nafasi ya mzee isikae wazi. Na mimi anitukane vizuri, asije akanionea huruma."

"Nitamwambia, mama."

"Una watoto wewe?"

"Sina."

"Dodoma una nani?"

Semeni alitaka kutaja kazi, kituo, wanafunzi wake wa vyuoni. Akaona havitoshi kujibu swali lile. "Tangu mama afariki, nipo tu," akasema.

Mjane akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishaamua jambo. Akavichukua vile viatu vya visigino kutoka mkononi mwa Semeni, akavigeuzageuza, akavipima kwenye mguu wake, akamrudishia.

"Basi usiwe na wasiwasi. Siku yako ikifika tutakuja lori zima. Mbuzi wako tutamla, nguo zako tutazivaa, na mimi kama nitakuwa hai nitaingia mwenyewe shimoni, sitoki mpaka wanipe hivyo viatu. Hutazikwa kwa amani, Mgogo. Nakuahidi."

Semeni akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na Gaudensia akamngoja amalize.

"Uje na taa, mama," akasema alipoweza kusema.

"Taa utaacha umenunua wewe. Sisi tutakuja na mbwa."